Mama Mkwe na Mafuta ya Bunyakiri

Kazi yangu ni kulaza watu. Hospitalini kwetu hapa Bukavu, mtu hafiki kwa daktari wa kisu kabla hajapita kwangu au kwa mkubwa wangu, na nikimwambia alale, analala. Nimelaza watu wengi kuliko mahubiri ya Jumapili. Kama wote wangelala siku moja, mtaa mzima wa Kadutu ungenyamaza mpaka mbwa wa Cimpunda wangeulizana kuna nini. Na wote nimewaamsha. Hilo la kuamsha ndilo ninalojivunia, maana kumlaza mtu hata pombe inaweza.

Anestezi, yaani kazi hii ya usingizi, niliisomea jioni, wala sifichi. Mchana nilikuwa muuguzi wa kawaida wa kufunga vidonda na kubadilisha mashuka. Jua likizama nilikwenda darasani, sisi watu wazima wenye mvi na watoto nyumbani, tumebanwa kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yanagonga kidevu. Umeme ukikatika mwalimu aliendelea kufundisha gizani. Nami huwaambia vijana wa siku hizi: mtu aliyejifunza njia ya hewa ya mgonjwa gizani, kwenye taa atashindwa nini? Siku ya kupokea diploma nilivaa suti, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikazunguka mpaka Muhumba kwa matajiri, ambako sina hata ndugu mmoja, ili nako wanione.

Sasa diploma hiyo ilipikwa kwa mafuta ya mawese. Mama mkwe wangu, mama wa bibi yangu, yaani mke wangu, anauza mafuta sokoni Kadutu. Yanatoka Bunyakiri kwa lori, yamejaa kwenye bidoni za manjano, na njia ile ikinyesha mvua lori linaweza kulala matopeni mpaka dereva aanze kufikiria kujenga nyumba hapohapo. Miaka yote niliyosoma, kila lori lilipofika, bidoni moja ilishushwa mlangoni kwetu bila neno. Tuliyatumia kupika, tuliyauza kidogo, tukala, nikasoma. Ndiyo maana kila mshipa wa mgonjwa ninaoupata kwa mara ya kwanza, nahesabu kwamba nusu yake ni kazi ya mama mkwe.

Lakini nikwambie jambo moja la sisi Bashi, kama wewe si wa kwetu. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume, na mkwe hali mbele yake. Hamwangalii usoni, hamtaji jina, hamgusi. Tukikutana njiani, yeye anajifunika kitenge na kutazama migomba, mimi natazama mawingu, tunasalimiana kama watu wawili wanaosalimia hewa. Nilikuwa nimeoa siku nyingi, nina watoto wanaonipita kimo, sijawahi kumwona mama yule akitafuna hata karanga. Kwa macho yangu mwenyewe ningeapa mahakamani kwamba anaishi kwa upepo wa ziwa. Ila upepo huo ulikuwa umemnenepesha vizuri: mwenye pikipiki akimwona anakuja, hujifanya petroli imemwishia.

Akaugua. Maumivu yalimkamata chini ya mbavu za kuume, yanakuja na kuondoka, na yakija anakunjamana na kutapika. Ekografi, ile picha ya tumbo, ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari wa kisu akasema mfuko utolewe, tena usichelewe sana, kwa sababu jiwe likiteleza likaziba njia isiyo yake, litachoma kongosho, na hapo hatutakuwa na cha kujisifia.

Tukapima damu. Damu ikiachwa kwenye kichupa hujigawa: nyekundu inashuka chini, na juu yanabaki maji ya manjano, maangavu ya kuonea. Ya mama mkwe ilijigawa, na juu yakabaki maziwa. Simaanishi kama maziwa kwa mbali. Ungeyatia kwenye chai. Mwenzetu wa maabara alikuja na kichupa mkononi mpaka mlangoni kwetu.

"Munatuletea damu ao maziwa ya Masisi?" akauliza. "Mashine yangu imekataa kusoma."

Mkubwa wangu, daktari wa anestezi, ni mama mmoja aliyekulia Kinshasa, mwembamba, mwenye sauti ya kutosha watu watatu. Alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa, akakirudisha.

"Huyu hatumulazi kwa haraka," alisema. "Mafuta haibaki mu damu tu. Inapaka mishipa ya moyo ndani, njia inakuwa mwembamba. Tukimulaza, presha itashuka, itapanda, na moyo wenye njia mwembamba hauna uvumilivu. Tuchore moyo kwanza. Tuangalie ini. Tumupe kidonge cha kupunguza mafuta, apunguze na ya sahani, halafu turudie damu. Ni mutu wa nani?"

"Ni mama mukwe wangu."

"Ah, bokilo!" akacheka, akimwita mkwe kwa Kilingala cha Kinshasa. "Basi wewe ndiye utanisaidia kujua anakula nini."

Mimi? Ningejua zaidi anachokula gavana.

Mama mkwe alipoambiwa kwamba ana mafuta ndani ya damu, aliona ametukanwa. Bibi yangu ndiye aliyeniletea maneno yake: "Mwambie mukwe, mafuta yangu haijaua mutu tangu nianze soko. Kama iko mu damu, basi munikamue, muuze."

Siku ya mahojiano ya kabla ya usingizi nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilitaka aone bidoni zake zilikokwenda. Akaingia akiwa amejifunika, akakaa akielekea ukuta. Mimi nikakaa nikielekea dirisha. Katikati akasimama bibi yangu, na mbele yetu sote mkubwa wangu, kalamu mkononi, anatutazama kama watu wanaocheza mchezo asioujua.

"Maman, asubui unakulaka nini?"

Mama mkwe yuko karibu, masikio mazima. Bibi yangu akainama: "Mama, wanauliza asubui unakulaka nini."

Mnong'ono.

"Anasema: chai."

"Na saa za midi?"

Mnong'ono.

"Anasema: mboga kidogo."

"Na mangaribi?"

Mnong'ono mrefu kidogo.

"Anasema mangaribi bado anasikiaka shiba ya midi."

Mkubwa wangu akamtazama mama mkwe kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka benchi iliyokuwa imepotea chini yake. "Mboga ya Bukavu iko na nguvu," alisema. "Mafuta je? Anakulaka mafuta?"

Hapo mnong'ono haukuhitajika. Mama mkwe aliuambia ukuta kwa sauti kamili: "Mafuta ni ya kuuza!"

Likaandikwa hivyo. Hakuna aliyefikiria kunitoa nje, na mwanamke wa kwetu Bashi angekubali kufa kuliko kusema mbele ya mkwe wake kwamba anakula nyama ya nguruwe na ndizi za kukaangwa. Nami nilikuwa nimekaa pale, kifua mbele, najiona natumika.

Hata hivyo mama yule si mtu wa kufanya kazi nusu. Bibi yangu alinihakikishia kwamba kukaanga kulikoma, nguruwe akasahaulika, kidonge kikamezwa kila asubuhi kama sala. Moyo ulichorwa, ukaonekana una nguvu. Mimi nilisema ni moyo wa lori la Bunyakiri, umezoea milima. Damu iliporudiwa, maziwa yalikuwa yamepungua, yamebaki kama chai iliyotiwa maziwa na mtu bahili. Mashine ikakubali kusoma. Mkubwa wangu alifurahi, lakini alikunja uso.

"Kwa bidii hii ilipashwa kushuka zaidi. Kuna mulango mumoja hatujaufunga."

Maumivu nayo yalikuwa yamerudi mara mbili, makali kuliko mwanzo, na daktari wa kisu hakutaka kungoja tena. Siku ikapangwa.

Asubuhi ile ua wa hospitali ulijaa wauza mafuta. Soko la Kadutu lilihamia kwetu na vitenge vyake. Nadhani siku ile hakuna nyumba mjini iliyopata mafuta ya kupikia majani ya sombe. Walikuwa wameleta sala, thermos na maoni. Bibi yangu, aliyelala chini ya kitanda cha mama yake, alinipa taarifa kama askari:

"Hajakula kitu tangu jana mangaribi. Kidonge amekunywa asubui na maji kidogo, vile mulisema. Hakuna chakula kilichopita mbele yangu."

Nikaamini. Ungekuwa wewe usingeamini?

Wakamleta kwa kitanda cha magurudumu mpaka chumba kidogo cha kungojea, mbele ya mlango wa upasuaji. Mkubwa wangu alikuwa ndani anapanga dawa, na alikuwa ameamua mapema kwamba mimi sitashika dawa. "Hakuna mutu anayelalisha mama yake," alisema, na nilikubali. Nitakuwa pembeni, msaidizi. Kwa hiyo nikabaki na mama mkwe chumbani, yeye amejifunika kitenge hadi paji la uso, kichwa ukutani. Bibi yangu hakuruhusiwa kupita pale. Kwa mara ya kwanza maishani tulikuwa wawili tu, bila mtu wa kusimama katikati.

Kila mgonjwa huwa namweleza kitakachotokea, ili asiogope. Hii ni sheria yangu tangu shule ya jioni, na siivunji hata kwa waziri. Lakini nitasemaje na mama mkwe? Pale kando ya kitanda kulikuwa na chupa ya oksijeni, ndefu, imesimama kwa adabu. Nikaigeukia, nikaiambia.

"Wewe chupa," nilisema, "sikiliza vizuri. Leo utalazwa. Ukilala, kila kitu ndani yako kinalala. Hata ule mlango wa koo, unaozuia chakula kisiingie kwenye mapafu, nao unalala. Ndiyo maana tunataka tumbo tupu. Tena mafuta ndiyo mabaya kuliko yote, yanakaa tumboni siku nzima kama mgeni wa matanga. Yakirudi juu wakati umelala, yanaingia kwenye mapafu, na mafuta yakiingia kwenye mapafu, chupa yangu, hata mimi nilivyo hodari sitaweza kuyatoa. Tutakuangalia moyo, tutakuangalia pumzi, hatutaondoka hata kidogo. Lakini tumbo tupu ni kazi yako wewe."

Nje wauza mafuta walikuwa wameanza wimbo wa kanisa.

Kitenge kikatikisika.

"Chupa," ikasema sauti kutoka chini ya kitenge, "muulize mukwe: na mutu akionja?"

Nikaisogelea chupa. "Chupa, mwambie mama: kuonja nini?"

Halafu mama yule akafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nasimama wima. Alishika kitenge, akakishusha mpaka mabegani, akageuza kichwa kutoka ukutani.

"Mukwe. Wacha chupa. Geuka uniangalie."

Nikageuka. Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake. Ni macho ya bibi yangu, ila yamezoea kupatana bei.

"Sijakula," alisema. "Lakini nimeonja. Lori ya Bunyakiri imefika asubui, na wenye mafuta hawauzi mpaka mimi niseme. Binti alipoenda kuchota maji, wakaniletea vikombe mpaka kitandani. Nikaonja bidoni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na kwetu wauza mafuta, mukwe, hatutemi. Ukitema mbele ya mwenye mafuta umemwambia mafuta yake ni mabaya, na soko yote itasikia. Tunameza. Ndivyo ninafanya kila lori. Kwangu hiyo si kula, ni kazi. Sikufikiri kama tumbo linaijua."

Kumbe ule mlango mmoja ulikuwa huo! Kila lori, kila bidoni, funda zima la mafuta mabichi linashuka, na hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni la kuulizwa. Sahani ilikuwa safi. Ni kazi iliyokuwa inamnenepesha damu.

"Mama," nilimwambia usoni, na ulimi haukukauka, "umejiokoa."

"Sijajiokoa mimi. Umesema hata wewe hodari hutaweza. Nikaogopa ukishindwa, watu watasema mafuta yangu ilisomesha mujinga."

Nilikimbia ndani. Mkubwa wangu alinisikiliza, sindano mkononi, akaiweka chini. Nilifikiri atakasirika. Alipiga makofi.

"Bokilo amesema mwenyewe? Na wewe ulikuwa pale? Basi huyu ni mwanamuke! Tunarudisha. Kesho. Jiwe litangoja siku moja, mapafu haingoji."

Sasa kumrudisha mgonjwa kutoka mlango wa upasuaji mbele ya soko zima si jambo dogo. Tulipotokeza na kitanda, wimbo ulikatika. Mmoja alianza kulia. Mwingine akasema kwa sauti ya kujua kila kitu: "Wamemukataa. Wakikukataa pale, ni kwenda kutengeneza nyumba na kuita padri."

Mama mkwe akajiinua kwa viwiko juu ya kile kitanda.

"Munalilia nani? Sijafa na sijapasuliwa. Nilionja mafuta, nikamwambia mukwe wangu, amenirudisha. Kesho."

"Ulimwambia mukwe? Wewe, kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu. Nilimwangalia na macho."

Ua mzima ukavuta pumzi. Yule mjuaji hakuchoka: "Na ilikuwa mafuta ya nani?"

"Ya kwako," mama mkwe alimjibu. "Na iko na maji ndani. Nilimeza kwa heshima."

Kicheko kilichotoka pale, naapa, kilisikika mpaka upande wa pili wa ziwa, na wenzetu kule walidhani tumepata umeme.

Kesho yake tumbo lilikuwa tupu kwelikweli. Lori jingine lilikuwa limefika, lakini bibi yangu ndiye aliyeonja, amesimama kwenye korido na kijiko, anatema ndani ya bakuli, huku mama yake anamfokea kutoka kitandani: "Usiharakishe! Acha ipite juu ya ulimi! Moshi unausikia?" Wenye mafuta walinuna, wakaambiwa ni amri ya hospitali, wakanyamaza.

Kwenye chumba cha upasuaji mkubwa wangu alikuwa ameiweka kando ile dawa yetu nyeupe ya kulaza, ambayo yenyewe imechanganywa na mafuta. "Mutu wa damu hii hatumuongezei mafuta juu ya mafuta," alisema, akachagua nyingine. Tulimwinua kichwa na mabega kwa mito, maana mtu mnene akilala chali pumzi inambana, tukampa oksijeni ya kutosha, tukapanga vipimo vya moyo na presha. Ikabaki kazi moja: kushika taya la mgonjwa na kuliinua, ili hewa ipite. Ni kazi ya msaidizi. Msaidizi ni mimi.

Mama mkwe aliiona mikono yangu inakaribia na kusita hewani. Mkwe hamgusi mama mkwe; hilo lilikuwa bado limesimama kati yetu kama ukuta wa kanisa kuu.

"Mukwe," alisema chini ya kinyago cha oksijeni, "mikono hiyo niliilisha mimi. Shika."

Nikashika. Akalala.

Nimeona presha nyingi zikipanda na kushuka, lakini siku ile niliukodolea macho ule mstari wa moyo mpaka nadhani uliona haya. Presha ilitaka kushuka mara moja. Mkubwa wangu alikuwa ameingoja, akaishika kabla haijafika mbali. Mfuko ukatoka, na mawe ndani yake yamejaa kama kokoto za barabara ya Bunyakiri. Tulipomwamsha, alifungua jicho moja, akanitafuta.

"Binti amesema nini juu ya ile mafuta?"

"Amesema iko na moshi, mama."

"Amesema vizuri," akalala tena, safari hii usingizi wake mwenyewe. Jioni ile alikuwa amesimama, anatembea kwenye korido ameshikwa mikono, kwa sababu tulitaka damu isigande miguuni. Na kila mlango aliopita aliwaambia wagonjwa kwamba mkwe wake ndiye aliyemlaza. Mkubwa wangu alimsikia, hakumsahihisha. Mimi nani hata nimsahihishe?

Siku hizi anaonja na kutema. Amewaeleza wenye mafuta mmoja mmoja kwamba kutema kwake si tusi, na kwa kuwa ni yeye, wamekubali. Sasa akina mama wote wa mafuta Kadutu wanatema, hata wale wasio na ugonjwa, wameifanya ndiyo ustaarabu. Kichupa chake cha mwisho kilikuwa cha manjano, kiangavu cha kuonea. Nilikizungusha hospitali nzima kama picha ya mtoto.

Alipopona kabisa nilipeleka mbuzi kwake, kwa sababu mwiko uliovunjwa kati ya wakwe hautengenezwi kwa maneno matupu. Nikaweka kamba mikononi mwa shemeji yangu, nikageuka kuondoka, macho mawinguni kama desturi. Mama mkwe akaniita. Mbele yake kulikuwa na sahani ya maharage na ndizi za kuchemsha, na kijiko kimoja cha mafuta mekundu juu, kimoja tu. Hakujifunika. Aliketi, akachota, akatia mdomoni, akatafuna polepole akinitazama, akameza.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi siku wakiuliza tena ninakula nini, usimutume bibi yako ukutani. Sema wewe."

Akasogeza kiti cha pili kwa mguu, akanipa kijiko.